Ameketi au Anaketi? Njeo katika Picha za Majarida ya Marekani

Kurasa hizi za uhakiki kwa kawaida hushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii naomba ruhusa ya wasomaji nitoke kidogo nje ya boma letu nizungumzie picha, na si picha za makumbusho bali zile zilizochorwa kwa ajili ya majarida ya hadithi huko Marekani, tangu miaka ya 1890 hivi hadi miaka ya 1920. Sababu ya kufanya hivyo ilianzia katika kipindi cha sarufi.

Nilikuwa nikifundisha hali timilifu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya tatu au ya nne. Nilibandika ubaoni picha ya mchoraji Mmarekani Howard Pyle iitwayo Marooned, ya mwaka 1909. Ndani yake mna mchanga, ukanda mwembamba wa bahari, na anga kubwa la rangi ya njano lililochukua karibu picha nzima. Katika ukiwa huo yumo mtu mmoja, mdogo kama kisiki, kichwa amekiinamisha magotini. Ni haramia aliyetelekezwa na wenzake kisiwani afie huko. Nikauliza, "Mtu huyu anafanya nini?" Nikajibiwa, "Anaketi, Mwalimu." Nikarudia swali. "Anaketi kwenye mchanga, Mwalimu." Ndipo binti mmoja wa viti vya nyuma aliposema taratibu, "Ameketi. Na wao wameondoka."

Walimu wenzangu wanaijua vizuri tofauti hiyo, na jinsi inavyowasumbua wanafunzi wanaofikiri kwa Kiingereza kwanza. Anayeketi yumo katika tendo la kuketi: magoti yanakunjika, mwili unashuka. Aliyeketi amekwisha kuketi, na hali iliyotokana na tendo hilo bado ipo. Lakini kilichonishangaza si sehemu ya kwanza ya jibu la binti yule. Ni sehemu ya pili. Katika picha ile hakuna meli wala mtu mwingine. "Wao" hawamo. Hata hivyo yeye aliwasoma, kwa sababu mkao wa haramia yule ni matokeo ya tendo la watu wengine, na matokeo ndiyo yaliyochorwa. Tangu siku hiyo nimeshindwa kuzitazama picha za wachoraji hawa bila kujiuliza ziko katika njeo gani.

Ni vyema kwanza nieleze kwa kifupi picha hizi zilitoka wapi. Hadi miaka ya 1880, mchoro wa jarida ulipitia mikono ya mchonga ubao. Mchoraji alichora, fundi akachonga mistari yake kwenye ubao mgumu, na wino ukapakwa juu ya ubao huo. Mistari iliyomfikia msomaji ilikuwa ya fundi kuliko ya mchoraji. Kisha ikaja mbinu ya kupiga picha ya mchoro kupitia kioo chenye mistari myembamba iliyokatana, hata mchoro ukagawanyika kuwa vitone vidogo vidogo ambavyo jicho huviunganisha tena. Kuanzia hapo mchoraji aliweza kupaka rangi ya mafuta kwenye turubai, na kivuli na mwanga wake vikachapwa karibu vilivyo. Wakati huohuo bei ilishuka. Mwaka 1893 jarida la Munsey's liliteremshwa hadi senti 10, na The Saturday Evening Post, ambalo Cyrus Curtis alilinunua mwaka 1897 kwa dola 1,000 tu likiwa karibu kufa, liliuzwa kwa senti 5 na kuvuka nakala milioni moja kwa wiki mwaka 1908. Redio haikuwa imeingia majumbani, na sinema ilikuwa changa. Kwa familia nyingi za Marekani, picha ya jarida ndiyo iliyokuwa dirisha la kuonea vita, bahari, historia na majirani zao.

Katika mazingira hayo Howard Pyle (1853–1911) alikuwa mwandishi, mchoraji na, kwa maoni yangu, mwalimu kuliko yote mawili. Alifundisha katika Taasisi ya Drexel mjini Philadelphia kuanzia 1894 hadi 1900, kisha akafungua shule yake mwenyewe mjini Wilmington, Delaware, ambako hakutoza karo. Alichagua wanafunzi wachache na kuwafundisha kwamba mchoraji wa hadithi lazima aingie ndani ya picha: ausikie upepo wake, baridi yake, na uzito wa koti alilovaa mtu anayechorwa. Zaidi ya hayo, aliwaonya dhidi ya kilele cha vurugu. Alishikilia kwamba kuwachora watu wakiwa katikati ya kupigana ni kufanya kiini macho cha jukwaani, na kwamba nguvu ya tukio huwa kabla yake au baada yake.

Hapo ndipo sarufi yetu inapoanza kusaidia. Hadithi tunazozisoma huendeshwa na -ka-: akatoka, akamwona, akachomoa upanga, akampiga. Mchoraji asiye makini huchagua kiungo kimoja katika mnyororo huo, kwa kawaida kile chenye kelele nyingi, akakigandisha: anampiga. Msomaji aliyekwisha kusoma kwamba alipigwa haongezewi kitu. Pyle alichagua nafasi iliyo kati ya -ka- mbili. Kwa hiyo picha zake huangukia katika hali mbili: ile ya -me-, ambapo jambo limekwisha na athari yake imebaki, na ile ya -ja-, ambapo jambo halijatokea lakini linangojwa. Tukumbuke kwamba "hajaanguka" si sawa na "haanguki". Hajaanguka ina tishio ndani yake. Mwaka 1887, katika makala yake mwenyewe kuhusu maharamia ndani ya Harper's, Pyle alimchora mateka aliyefungwa macho akiwa amesimama juu ya ubao unaoning'inia juu ya maji. Hajaanguka. Hiyo ndiyo picha nzima.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni mchoro wake wa vita vya Bunker Hill vya Juni 1775, uliochapwa na Scribner's mwaka 1898 katika mfululizo wa Henry Cabot Lodge kuhusu Mapinduzi ya Marekani. Jarida la Kimarekani, historia ya ushindi wa kizalendo, wasomaji Wamarekani: mtu angetarajia shujaa mwenye bendera. Pyle aliwachora Waingereza, tena kutoka nyuma. Tunaona migongo yao, mikoba yao, safu zilizonyooka zikipanda kilima polepole. Wamarekani wenyewe wamefichwa na moshi ulioko juu. Na katika majani, miongoni mwa miguu inayopanda, wamelala askari wa Kiingereza walioanguka katika shambulio la kwanza. Msomaji akitafsiri picha hii kwa Kiswahili atalazimika kutumia hali zote mbili katika sentensi moja: wenzao wameanguka, na wao hawajafika. Hakuna bunduki inayofyatuka karibu nasi, lakini sijaona picha ya vita iliyonifanya nihesabu hatua kama hii. Inamlazimisha msomaji wa upande mmoja asimame nyuma ya mabega ya adui, ajue kwamba huyo naye ana shingo na mgongo.

Mwanafunzi wa Pyle aliyepata sifa kubwa zaidi alikuwa N. C. Wyeth (1882–1945), naye hakuielewa hali timilifu mara moja. Alifika Wilmington Oktoba 1902, na Februari 1903, akiwa na umri wa miaka 20, picha yake ilitokea kwenye jalada la The Saturday Evening Post. Ni mpanda farasi juu ya farasi asiyefugika: farasi anaruka, mtu anayumba. Yote ni -na-. Ni kazi ya kijana hodari, inavutia kwa sekunde tano, kisha mtu anafungua ukurasa.

Linganisha na alichokifanya miaka minane baadaye. Hapa naomba niingize kitabu mahali pa jarida, kwa kuwa kampuni ya Scribner ilichapisha vyote viwili na kuwatumia wachoraji walewale. Mwaka 1911 Wyeth alichora picha za riwaya ya Stevenson ya Treasure Island, ambayo baadhi ya wasomaji wetu wazee waliisoma shuleni kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Yumo humo haramia kipofu aitwaye Pew. Wenzake wamemkimbia, naye muda mfupi baadaye atakanyagwa na farasi. Mchoraji wa kawaida angechora farasi. Wyeth alichora barabara yenye mbalamwezi, nyumba iliyosimama nyuma kimya, na kipofu akipapasa hewa kwa mkono mmoja na kuigonga ardhi kwa fimbo, joho lake limefura kwa upepo. Wameshamwacha, farasi hawajafika. Yeye peke yake hajui yuko katika njeo gani.

Lakini picha ninayoipenda zaidi katika kitabu hicho haina haramia hata mmoja. Ni ya kijana Jim akiondoka nyumbani. Stevenson anaipitia shughuli hiyo kwa sentensi moja: kijana anamuaga mama na mahali alipozaliwa, basi, safari imeanza. Wyeth aliisoma sentensi hiyo akasimama. Alimchora Jim akija upande wetu na furushi lake, uso wake umeshaondoka, na nyuma yake, kando ya ukuta wa nyumba, mama amejifunika uso kwa aproni analia. Machozi hayo hayamo katika matini. Je, mchoraji amemwongezea mwandishi maneno? Wapo watakaosema kwamba amevunja uaminifu. Mimi nasema amefanya kile tunachowasihi wanafunzi wetu wakifanye kila mwaka bila mafanikio: amesoma kisemwacho pamoja na kisichosemwa. Mvulana ndiye msimulizi, na mvulana anayekimbilia hazina hageuki nyuma. Kwa hiyo hawezi kutusimulia kilicho nyuma yake. Mchoraji anaweza. Kama kuna mwanafunzi anayedhani kwamba mtazamo wa msimulizi ni istilahi ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu, picha hii imwondolee dhana hiyo.

Nisiwasahau wanawake, maana darasa la Pyle la Drexel lilikuwa nao wengi, na magazeti ya wanawake yaliwapa kazi. Jessie Willcox Smith (1863–1935) alikuwa mwalimu wa chekechea kabla ya kuwa mchoraji, na jambo hilo linaonekana: watoto wake hawamtazami mtu mzima aliye nje ya picha ili wasifiwe. Wameinamia kitabu, wamezama katika mchanga wanaouchimba. Kuanzia Desemba 1917 hadi 1933 alichora kila jalada la Good Housekeeping, mwezi baada ya mwezi. Ni uvumilivu wa ajabu, na pia ndio uliomdhuru. Mtoto wa mwaka wa kumi ana mashavu yaleyale ya mtoto wa mwaka wa kwanza. Kinachotokea ni kwamba -me- inachakaa, inageuka kuwa mazoea: watoto hucheza, watoto husoma, watoto hulala.

J. C. Leyendecker (1874–1951), aliyezaliwa Ujerumani na kuchora zaidi ya majalada 300 ya The Saturday Evening Post, ana tatizo jingine. Alikuwa fundi kuliko karibu wote. Mikunjo ya nguo zake inang'aa kama imepigwa pasi kwa chuma cha moto sasa hivi. Lakini wanaume wake, hasa wale wa matangazo ya kola za Arrow, hawamo katika njeo yoyote. Sentensi yao ina kitenzi kishirikishi tu: huyu ni kijana maridadi. Hakutoka mahali, haendi mahali. Kwa kuuza kola, sentensi hiyo inatosha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya badala ya kuishia kwenye maelezo ya darasani. Nimetaja hali ya mazoea. Wanasarufi wanatukumbusha kwamba hu- ni kiambishi cha pekee: hakikubali kiambishi cha nafsi pamoja nacho. Tunasema nacheka, unacheka, wanacheka. Lakini mimi hucheka, wewe hucheka, wao hucheka. Ondoa kiwakilishi, na kinachobaki ni "hucheka" bila mwenyewe. Ndiyo maana hu- inafaa sana kwa methali. Haba na haba hujaza kibaba: leo, kesho na siku zote, popote. Ni hali ya ukweli usiohitaji ushahidi.

Katika majarida haya makubwa, Wamarekani weusi walichorwa kwa hu-.

Mchoraji aliyejulikana sana kwa kuwachora alikuwa E. W. Kemble (1861–1933). Ndiye aliyechora picha za Huckleberry Finn ya Mark Twain, ambayo sehemu zake zilitokea katika jarida la The Century mwaka 1884 na 1885, na umaarufu huo ulimpa kazi ya namna hiyo kwa miongo iliyofuata. Kemble mwenyewe alieleza baadaye kwamba wakati ule alikuwa hajawahi kufika Kusini, na kwamba kijana mmoja wa Kizungu wa mtaani kwake ndiye aliyekaa kama kiigizo cha wahusika wote wa kitabu, akiwemo Jim, mtumwa aliyetoroka. Tafakari maana yake. Jim ni mtu mwenye njeo nyingi kuliko mhusika yeyote wa riwaya hiyo: ametoroka, hajakamatwa, ameacha mke na watoto, atawanunua akipata fedha. Lakini mkono wa mchoraji ulikuwa na kauli moja tayari kabla ya kumsoma: mtu wa namna hii hushangaa, huogopa, huchekesha. Kwa hiyo kikaragosi kilichotoka hakina nafsi. Si kwamba Kemble hakujua kuchora. Mistari yake ina wepesi ambao wengi wangeuonea wivu. Kosa lake ni la msomaji. Hakusoma.

Na halikuwa kosa la mtu mmoja. Tangu 1918 The Saturday Evening Post ilichapisha hadithi za kuchekesha za Octavus Roy Cohen, ambamo watu weusi waliharibiwa lugha pamoja na sura. Walimu wa lugha tutaelewa kwamba vitu hivyo viwili huharibiwa pamoja. Norman Rockwell, aliyechora jalada lake la kwanza la jarida hilo Mei 1916 akiwa na miaka 22, alisimulia uzeeni kwamba mhariri George Horace Lorimer alimwagiza asimchore mtu mweusi isipokuwa akiwa mtumishi. Hiyo ni kanuni ya sarufi kabisa: kundi hili la nomino litumike na kitenzi hiki tu. Hata mwaka 1946, Lorimer akiwa ameshafariki, Rockwell alipochora ndani ya behewa la kulia chakula mvulana wa Kizungu anayehangaika na hesabu ya bili yake, mweusi aliyesimama kando alikuwa mhudumu. Nakiri kwamba uso wa mhudumu yule umechorwa kwa heshima. Anamtazama mtoto kama mtu mwenye watoto. Kanuni imefuatwa, lakini mchoraji ameanza kuichoka.

Jibu la wenyewe lilikuwa limetolewa zamani, mahali pengine. Novemba 1910 W. E. B. Du Bois alianzisha The Crisis, jarida la chama cha NAACP, ambalo kufikia 1919 lilikuwa likichapa nakala 100,000 hivi. Ni chache mbele ya mamilioni ya Curtis, lakini zilipita mikono mingi. Mhariri wake wa fasihi kuanzia 1919 alikuwa Jessie Fauset, aliyewahi kufundisha Kifaransa na Kilatini katika shule ya sekondari mjini Washington. Mmoja wa wachoraji wake wakuu alikuwa Laura Wheeler (1887–1948), mhitimu wa chuo cha sanaa cha Pennsylvania, ambaye kwa miongo kadhaa alifundisha huko Cheyney, katika chuo cha kufunza walimu. Nawataja kwa kazi zao za ualimu kwa makusudi. Watu hawa wawili walisahihisha madaftari, na walisahihisha pia picha ya taifa.

Kila Oktoba The Crisis lilitoa toleo la watoto. Katika toleo la Oktoba 1919, Du Bois alieleza jinsi barua ya msichana wa miaka 12 ilivyomshtua: habari za mauaji na dhuluma zilizochapwa katika jarida hilohilo zilikuwa zimemfundisha kuchukia. Akiona kwamba hawezi kuacha kuchapa ukweli, na hawezi kuwalisha watoto ukweli huo peke yake, aliamua kuanzisha jarida lao. The Brownies' Book lilitoka kila mwezi kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1921, matoleo 24, kisha fedha zikaisha. Fauset ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya uhariri, na Wheeler na wenzake walichora. Jalada la kwanza lilikuwa picha ya kamera ya msichana mweusi aliyevaa nguo nyeupe: amesimama kwa ncha za vidole, mikono ameiinua juu. Kila kitenzi katika maelezo hayo kina -me- na kina nafsi. Mtoto fulani, siku fulani, amejinyoosha kiasi anachoweza. Kwa wasomaji waliozoea hu-, hilo lilikuwa tukio.

Nisiitie chumvi kazi hiyo. Nikiwa mhakiki wa haki lazima niseme kwamba majalada mengi ya The Crisis hayana nguvu ya kisanaa ya Pyle. Baadhi ni sura nzuri za mabinti waliopambwa, yaani ni sentensi za "ni" kama zile za Leyendecker: huyu ni mrembo, huyu ni msomi. Inaeleweka. Mtu aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba si kitu ana haja ya kusema kwanza kwamba ni. Lakini picha iliyoanza kusema zaidi ilikuja na Aaron Douglas (1899–1979), naye pia mwalimu, aliyeacha shule aliyokuwa akifundisha Kansas City akaja New York mwaka 1925. Katika kurasa za The Crisis na Opportunity aliacha kabisa kushindana na vitone vya kamera. Alichora vivuli bapa vyeusi, vyuso vya upande mmoja kama katika michoro ya Misri ya kale, miale ya mwanga ikiwapitia. Watu wake wanainua vichwa. Nikiulizwa njeo yao, nitasema ni -ta-, na ninatambua kwamba wanafunzi wangu watabisha. Na wabishe.

Nitamalizia na Rockwell, ingawa nitavuka mipaka ya kipindi nilichojiwekea. Mwaka 1963 aliachana na The Saturday Evening Post, na tarehe 14 Januari 1964 jarida la Look lilichapa picha yake iitwayo The Problem We All Live With. Tukio ni la Novemba 1960: Ruby Bridges, mtoto mweusi wa miaka sita, anapelekwa shule ya Wazungu mjini New Orleans akilindwa na maofisa wa serikali kuu. Kijana yule aliyeanza kuchorea The Saturday Evening Post mwaka 1916 alikuwa sasa na umri wa karibu miaka 70, na alikuwa akimstahi Pyle tangu ujana wake. Inaonekana. Mtoto anatembea, nguo nyeupe, vitabu na rula mkononi. Hiyo ndiyo -na- ya pekee yenye uzito katika picha. Maofisa wanne wamekatwa na ukingo wa picha mabegani, hawana vichwa. Safari hii Wazungu ndio waliochorwa kwa hu-: hulinda, basi, hatuwajui ni nani. Na ukutani nyuma ya mtoto kuna tusi limeandikwa, na nyanya imepasuka, maji yake yanachuruzika.

Nilipoipeleka picha hii darasani, hakuna aliyekosea kitenzi. "Nyanya imerushwa, Mwalimu." Kauli ya kutendwa, hali timilifu, sahihi kabisa. Nikauliza imerushwa na nani. Wakatafuta ndani ya picha, mmoja akasogea hadi ubaoni, na ndipo wakaanza kupima kwa macho: nyanya imegonga ukuta ulio mbele yetu, kwa hiyo imetoka upande huu, hapa tulipokuwa tumekaa.